Mkeka wa Dunguni

Jana asubuhi nilikuwa stendi ya Kibiti nikingoja gari nilipopigiwa simu: bibi mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa akizitembelea nyumba zenye watoto wa usonji amefariki, anazikwa Mtawanya alasiri. Naandika nikiinuka na kukaa. Mpunga unakaribia kutoa masuke, na kuna mama mmoja bondeni aliyemtegemea sana msimu huu.

Mama huyo ana wawili wenye usonji, kaka na dada. Kila mwaka familia huhamia shambani kuamia ndege wasile mpunga, wakikaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Kuhama huko kuliwavuruga watoto. Kaka alipiga kelele kutwa, na dada, asiyevumilia kelele, alijing'ata mikono mpaka damu. Msimu uliopita, siku niliyofuatana na marehemu, tuliwakuta wamefungwa kamba nguzoni. "Nisiwafunge wataanguka, Bibi," mama alisema huku akilia. "Nikirudi nyumbani, mpunga utaliwa wote. Nifanyeje mie?" Marehemu hakumgombeza. Alikaa akawatazama watoto, kisha akauliza wamezoea kulalia nini. Mkeka wao ulikuwa umeachwa kijijini, na vikombe vyao pia. "Umewahamisha wao, mwanangu, vitu vyao umeviacha. Kavilete. Na huyu kaka akaamie na babaye kule mbali, apige kelele zake, ndege wamkome. Mdogo wake abaki nawe pakimya." Baba alinuna, akihofia majirani watamcheka, lakini akamchukua. Niliporudi kabla ya mavuno, ile kamba ilikuwa imegeuzwa ya kuanikia nguo.

Jana msibani mama huyo alikuja na watoto wake. Tulikuwa tumebanana uani, wanawake tupu, na kaka akaanza kupiga kelele. Bibi mmoja akafoka, "Mtoeni huyo, ana shetani!" Nilitaka kumjibu, hasira zimenipanda. Mama alimkabidhi binti kwa shangazi yake ampeleke nyuma ya nyumba, akatandika mkeka wao pembeni, akakaa kimya karibu na mwanawe mpaka kelele zikaisha. Mwanamke nisiyemjua, mtoto wake akijipigapiga kichwa, alimsogelea na kunong'ona, "Umemfanyaje, dada?" Akapishwa mkekani.

Wasemaji walirudia kwamba pengo la marehemu halizibiki. Kauli hiyo inaniudhi, maana inaturuhusu kwenda kulala. Pengo nimeliona likianza kuzibwa pale uani, na bado sijatulia: mkeka ni mmoja, na bonde lina madungu mengi.