Siku Niliyowafukuza Wote Kwenye Chama cha Kuzikana

Aibu niliipata, sikatai, na anayetaka kucheka acheke amalize, ila mfumo ule niliuandika mimi na sijautupa mpaka leo.

Chama chetu cha kuzikana hapa Kilosa kina kamati ya kaburi, ya mapishi na ya maji, na mtu mmoja huweza kuwa kwenye mbili tatu (mama yangu yuko kwenye zote, msiniulize). Nikawatengenezea mfumo wa mtandaoni, na kwa mbwembwe zangu nikauagiza kwamba jina likitoka kwenye kamati yoyote, mwenyewe apate meseji. Mkutano wa Jumapili ndio ungeamua tuutumie au tubaki na daftari la katibu, Mzee Kibwana.

Nikatoka Mikumi na kompyuta yangu, nimependeza. Mkutanoni akasimama mama mmoja wa Rudewa, anataka kujiunga. Ningemwongeza yeye peke yake yangeisha, lakini mimi mvivu nikaona rahisi kufuta orodha zote za kamati na kuziandika upya pamoja na jina lake, sekunde moja tu, nani atajua?

Simu zikalia ukumbi mzima. "Umeondolewa kwenye kamati ya kaburi." "Umeondolewa kwenye kamati ya mapishi." Mama yangu alipata tatu mfululizo, akanitupia jicho lile (mnalijua). Mzee Kibwana akainua daftari juu.

"Hili halijawahi kumfukuza mtu!"

Watu wakaangua kicheko. Bi Zaituni wa kamati ya mapishi hakucheka. Babu yake aliletwa huku kukata mkonge, na yeye hana ndugu hata mmoja aliyebaki. Akaninyooshea simu.

"Mwanangu, sasa mimi atanizika nani?"

Nilipiga magoti palepale. "Nisamehe bibi, jina lako lipo, tazama hapa."

"Kama lipo, mbona ya kuniondoa imekuja, ya kunirudisha haijaja?"

Meseji ya kurudisha sikuwahi kuiandika. Iliniuma kuliko kicheko chote kile.

Nikaomba wiki moja, wakanipa kwa shingo upande. Sasa mfumo tunaoutumia unalinganisha kwanza orodha ya zamani na mpya, unagusa jina lililobadilika tu, mengine hauyasogelei. Mzee Kibwana bado ananicheka, na mimi bado namuuliza panya waliolila daftari lake walimpa taarifa gani.

Kufuta orodha ya watu kwa uvivu, sirudii. Kwenye daftari pia sirudi. Meseji ya kwanza baada ya matengenezo nilimtumia Bi Zaituni: "Upo." Hajaifuta mpaka leo, na kila msiba huitoa kwanza akawaonyesha wenzake, ndipo anashika mwiko.