Siku Niliyodai Marudio ya Video

Mkasa huu ulinigharimu beberu mmoja mnene, cheo cha ukocha na jirani mwema, na aibu yenyewe sijaitia kwenye hesabu kwa sababu haina bei. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjausikia sokoni, maana huko wameshautia chumvi (eti nililia, sikulia, ni jasho liliingia machoni).

Mimi huuza viatu vya mitumba hapa Kakamega. Jumamosi hiyo timu yetu ya wachuuzi, sisi wa jezi za kijani, ilicheza fainali ya mpira wa vikapu na vijana wa bodaboda, zawadi ikiwa beberu aliyefungwa kando ya uwanja. Sasa mimi, kwa vile huamka alfajiri kutazama ligi ya kulipwa ya Marekani, nilikuwa nimewaona makocha wa kule wakizungusha kidole hewani, marefa wanaenda kutazama marudio, uamuzi unageuzwa. Nikautamani huo ukubwa. Mpiga video wa matanga alikuwa amekuja na kamera na runinga yake, basi nikamwendea refa, Madam Khayesi, mwalimu asiyecheka, nikaitisha marudio mara tatu kwa kila timu. Akakataa. Nikashuka hadi mbili, akanipa mgongo, tukaelewana moja. Kisha nikaongeza sharti langu:

"Na chochote kitakachoonekana kwenye video kihesabiwe, Madam."

"Chochote?"

"Chochote kabisa."

(Watu wa boda husukumana sana, nikadhani nimewatega.)

Zikabaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi moja, nikamwingiza Shikuku, jirani yangu wa kibanda, ambaye msimu mzima hakuwa amefunga hata bao moja. Akarusha kutoka mbali, mpira ukatumbukia, kengele ikalia. Madam akakubali bao. Tumeshinda! Shikuku akabebwa juu juu. Watu wa boda wakapiga kelele kidogo kwamba alichelewa, halafu wakaanza kutafuta pikipiki zao.

Ningenyamaza, ningekuwa nimekula nyama. Lakini marudio yangu yalikuwa bado hayajatumika, na kitu nilichokipata kwa kubishana hivyo siwezi kukiacha kiende bure. Nikazungusha kidole kama mtu anayefukuza nyuki.

"Kocha, umeshinda," Madam akaniambia taratibu. "Unataka nini tena?"

"Nataka hawa wajionee."

Wakajionea. Video ikarudishwa pole pole, na kweli, mpira ulikuwa umeshamtoka Shikuku mkononi kabla ya kengele. Nilikuwa nishaanza kumfungua beberu nikasikia jamaa wa boda aliyeinamia runinga akisema, "Hebu rudisha. Mbona hawa wa kijani ni wengi?"

Wakahesabu kwa sauti, uwanja mzima, kama chekechea: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano… sita! Mimi ambaye huhesabu chenji mara mbili mbele ya mteja, nilikuwa nimemwingiza Shikuku bila kumtoa mtu.

"Ulisema chochote," Madam akasema, akafuta bao.

Shikuku alishushwa chini. Hakunitukana, heri angenitukana. Aliuliza tu, "Si ulikuwa umeshinda, bro?" akavua jezi, akanikabidhi ikiwa imekunjwa vizuri.

Nimeapa sitazungusha kidole tena, hata kuita chai. Lakini jamani, wiki ya tatu hii anapanga viatu vyake akinipa mgongo. Nishaurini: nimfuate kwao Mayoni na jogoo, au niombe msamaha hapa hapa sokoni, mbele ya wale wale waliohesabu?