Macho ya Vikombe

Harufu ya soksi zilizolowa theluji zikikaushwa juu ya hita, ikichanganyika na ya penseli iliyotoka kuchongwa, ndiyo inayonirudisha Coon Rapids, mji wa ughaibuni tulikohamia, kwenye majira ya baridi ya mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili. Kuna watu ambao utoto wao unanukia asumini na mahamri. Wangu unanukia soksi, na sina la kufanya. Tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Tulikuwa tumetoka Mombasa mwaka uliotangulia, baba akabaki huko na mke wake mwingine, na mama akapata kazi ya usafi hospitalini. Nikitoka shule nilijifungulia mlango na kuwasha taa mara moja, kwa kuwa jua la Desemba huko huaga kabla hata ya chai ya jioni. Mtaa ule bila gari huendi popote, na gari letu moja alikuwa nalo mama kazini. Nilikaa dirishani nikitazama theluji iliyolala juu ya magari ya watu wengine. Sikumjua mtu, na nikisema kweli, hapakuwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kunijua.

Basi nilijichorea marafiki. Mtindo wangu ulikuwa wa katuni za Kijapani, manga, niliojifunza kwa kunakili vitabu vya maktaba ya shule: wasichana wenye macho makubwa yenye nyota ndani, pua ya nukta, kidevu cha ncha, na nywele zinazopepea hata mahali pasipo na upepo. Kwa macho yangu walikuwa wazuri kupita kiasi. Kumbe wote walikuwa na sura moja, na bila kutazama nywele hata mimi mwenyewe nisingemtofautisha huyu na yule. Tena wote walitia mikono mfukoni au waliificha nyuma ya mgongo, maana kuchora mikono kulinishinda. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Watu wangu hawakuwa hata na huo mtupu. Mama alilelewa kwamba sura ya mtu haichorwi, lakini wale aliwavumilia. "Hivi vikatuni havina neno," aliniambia siku moja akivua viatu vya kazi. "Hawa si watu. Wamjua mtu gani mwenye macho kama vikombe?"

Msimamo huo aliurithi kwa Bibi, mama yake, aliyenilea Mombasa mama alipokuwa akihangaikia riziki. Bibi hakupigwa picha. Aliamini kwamba nyumba yenye picha ya mtu malaika hawaingii, na hakuwa tayari kuwafungia malaika njia kwa ajili ya simu ya mtu. Harusini, kamera ikitokea tu, leso yake ilipanda mpaka machoni. Picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho, nayo ilikuwa imefutika kwa miaka ya kufungwa kwenye pindo la leso pamoja na ugoro wake. Tulipompigia simu ya video aliilaza kitandani ikatazama juu, hivyo kila Ijumaa mimi na mama tulizungumza na feni ya dari. Feni ilituuliza kama tumekula, ikatuonya tusitoke na nywele mbichi, ikatuombea dua ndefu. Tulicheka sana. Hatukuwahi kufikiri kwamba iko siku tutampigia na feni isitujibu.

Bibi alifariki mwezi wa Januari. Simu ya mjomba ilimkuta mama mchana, anakunja nguo, na akaendelea kukunja ile fulana iliyokuwa mkononi mpaka ikawa ndogo kama kitambaa cha mkono. Hakuweza kwenda kuzika. Makaratasi yake yalikuwa bado hayajakamilika, na angetoka asingerudi. Wanawake wa kwetu wanaoishi Oakdale, mji wa jirani, walikuja na sufuria za chakula, wakasoma Yasini juu ya zulia letu, wakamkumbatia mama, kisha wakaondoka mapema kabla barabara hazijaganda. Mombasa matanga yangejaza nyumba na uchochoro, hata ukakosa pembe ya kulilia. Huku tulibaki wawili na sufuria za watu, na mashine ya kufulia ya jirani ikinguruma ukutani. Mama aliketi akaniambia, "Nikifumba macho namuona. Halafu yuwapotea. Najaribu ku-remember pua yake, nashindwa. Mama'ngu mwenyewe, na sina hata picha moja." Nikamjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea watoto wa huku, kwamba mimi nitamchora.

Hakunikataza. Nadhani usiku na mchana wa huzuni ile ulimfanya asahau hata malaika. Nami nilichora jioni kwa jioni, nikafuta, nikachora tena, nikijiona nimebeba jambo kubwa kuliko lolote nililowahi kupewa. Nilimtilia Bibi mikunjo ya paji la uso, nikamfunga leso, nikamwekea hata chozi. Nilipompelekea mama, aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na taa, akaisogeza mbali. "Huyu n'nani?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa sababu hakumjua. Nikaitazama karatasi nikaona anachokiona yeye: msichana wa shule wa Kijapani aliyechorwa mikunjo, macho vikombe, pua nukta, mikono nyuma ya mgongo. Nilikuwa nimelala mkeka mmoja na Bibi miaka na miaka, na sikujua pua yake ilikaaje. Watu husema macho hayana pazia. Yangu yalikuwa nalo, tena zito.

Nilibeba huzuni ile hadi shuleni, na aliyeiona ni mwalimu wetu wa sanaa, mama mrefu wa Kizungu aliyetaka tumwite Karen tu, jambo ambalo mdomo wangu ulilikataa, nikamwita Bi Karen. Alipekua michoro yangu yote bila haraka kisha akauliza kwa nini watu wangu wote wametiwa pingu. Nilinuna. Nikamwambia huo ndio mtindo wangu. Hakubishana nami. Aliweka juu ya meza buti kuukuu, lililopasuka ubavuni, akaniambia nilichore. Nilichora buti zuri sana. "Hilo ni buti unalolijua," akasema. "Nataka hili unaloliona." Nililichora buti lile mpaka nikaota kamba zake. Baada ya buti likaja yai, nijue kivuli kinavyozunguka kitu cha mviringo. Baada ya yai, fuvu la plastiki, nijue jicho limekaa kwenye shimo lenye ukingo wa mfupa, halikubandikwa usoni kama stampu. Nilichoka, nikalia, nikatamani kurudi kwa wasichana wangu wa nyota. Lakini sikutaka tena mama aniulize huyu ni nani.

Uso wa Bibi ulikuwa umeshakwenda, na wa mama niliogopa kumwomba. Nikaanza na mikono yake. Alikuwa akirudi kazini hajiwezi, analala kwenye kochi na sare yake, ananuka dawa ya kusafishia sakafu, mikono imelegea tumboni. Hapo ndipo nilipoitazama kwa mara ya kwanza. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye vifundo kwa baridi na maji ya dawa. Kidole gumba kilijikunja kwa nyuma. Mshipa mmoja ulipanda mpaka kwenye kifundo cha mkono ukapotea ndani ya sare. Nilivyozidi kuchora ndivyo nilivyozidi kuelewa alivyochoka, na hilo hakuna aliyenieleza, penseli ndiyo iliyoniambia. Siku moja aliamka kabla sijaficha karatasi. Akaichukua, akaiweka kando ya mkono wake wenyewe. "Huu wangu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Maskini mkono wangu." Aliukunja mchoro ule akautia ndani ya mkoba wa kazini.

Sasa mimi ni mtu mzima, naishi Saint Paul, si mbali na kwa mama, na chakula changu kinatokana na vitabu vya katuni ninavyochora. Bado ni manga. Bado wana macho makubwa, na mama bado anawacheka. Jumamosi nawafundisha watoto wa wahamiaji, wanaonielewa kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, na haipiti wiki bila mmoja kununa na kuniambia huo ndio mtindo wake. Hasira hunipanda, kwa sababu ananuna kama nilivyonuna mimi. Nawaambia jicho wanaweza kulikuza wanavyotaka wakishajua linakaa wapi. Nawaambia asiyemtazama mtu halisi atachora sura moja maisha yake yote, aipe majina mengi, na siku akimhitaji mtu mmoja hasa, atamkosa. Wananitazama kama bibi kizee. Kisha naweka kiatu kuukuu mezani.

Mama haishi nami tena kama zamani, maana mimi nimehama, yeye amebaki katika nyumba ileile na hita ileile. Upweke umehamia kwake. Majira haya ya baridi nilimkuta ameketi karibu na dirisha, mikono imetulia, leso mabegani. Aliniambia kabla sijakaa, "Leo nichore uso. Lakini usin'tie macho ya vikombe." Sikumuuliza malaika watasemaje. Nilichora mchana kutwa, na pua peke yake ilinichukua sehemu kubwa ya mchana huo, kwa sababu sikutaka kukisia chochote. Nilipomwonyesha hakuuliza ni nani. Aliutazama mchoro mpaka chai yake ikapoa, akapandisha leso mpaka machoni kama Bibi alivyokuwa akifanya. Halafu akauweka ule mchoro kabatini chini ya nguo, umelala kifudifudi, kwa heshima ya malaika, na akanikataza kabisa nisiuchukue.

Niliendesha gari kurudi Saint Paul mikono mitupu, theluji ikianguka, nikiogopa kitu nisichotaka kukitaja. Nilipofika, kabla hata sijavua koti, nilikaa mezani, nikafumba macho, nikachora tena uso wa mama bila kumwona. Nilianza na pua. Ikaja, na uso wote ukaja nyuma yake.