Daraja Lililofunguliwa Gazetini

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa darasa la pili mjini Sumbawanga, na juu ya hapo nilikuwa mwandishi wa habari. Cheo hiki cha pili nilijipa mwenyewe. Nilikuwa nimepeleka barua moja kwa gazeti la Kiswahili lililotoka Dar es Salaam kila mwezi, mhariri akaichapa, na tangu siku hiyo sikutembea tena bila kalamu kwenye mfuko wa shati. Hata kanisani nilikaa mbele, nisije nikapitwa na jambo.

Mhariri alinifundisha kazi kwa posta. Kila habari, aliandika, iseme nani kafanya nini, wapi na lini, na kichwa chake kiwe kifupi. Hayo niliyashika. Kilichonishinda ni agizo la mwisho: habari iwe mpya. Mpya! Barua yangu ilisubiri lori la Mbeya, lori lilisubiri matope yakauke, na gazeti lilipotufikia miezi miwili baadaye, ndoa niliyoiandika ilikuwa imeshavunjika. Mhariri akalalamika kwamba sisi wa huku Ufipa tunamletea viporo.

Basi nikabuni njia yangu, na naona haya kusema kwamba niliionea fahari. Nikaanza kuandika mambo kabla hayajatokea. Ulezi haujachanua, mimi nimeshauvuna. Bwana DC hajapanda gari kwenda Matai, mimi nimeshampokea huko kwa vigelegele. Sikukosea hata mara moja, maana mambo ya serikali yalijulikana mapema: Bwana DC angehutubia, watu wangepiga makofi, basi. Mhariri alinisifu kwa wepesi.

Mama yangu alikaa ng'ambo ya mto, upande wa Mollo. Kifua kilimsumbua, na dawa ilipatikana zahanati ya misheni, upande wetu. Kiangazi alivuka kwa miguu. Mvua zikianza, palibaki gogo moja lenye utelezi, naye hakuliweza, akawa anakohoa mpaka mto upungue. Ndiyo maana boma, yaani ofisi ya Bwana DC, lilipoanza kujenga daraja nilifurahi kuliko mtu yeyote. Nilipoambiwa tarehe ya ufunguzi, nilikaa mezani jioni ileile nikalifungua.

Mbao za kutandika juu zikachelewa. Mvua zikawahi. Tarehe ikapita, nguzo mbili za mawe zimesimama mtoni zikitazamana, na vibarua wamekaa kando wanangoja mbao. Kisha gazeti likaingia: DARAJA JIPYA UFIPA, WATU WASHANGILIA.

Nilidhani nitafukuzwa kazi. Wapi! Wakubwa wa jimbo walilisoma, wakamwandikia Bwana DC kumpongeza. Naye angejibu nini? Akashukuru. Karani wa boma, rafiki yangu, ndiye aliyeipiga taipu barua ya shukrani. Na mbao zilipofika, zilipelekwa barabara ya Matai pamoja na vibarua wote, kwa kuwa serikali haijengi daraja ambalo limeshafunguliwa.

"Lakini wewe si unapita kule kila wiki?" nilimwuliza karani. "Huoni kwamba halipo?"

"Mwalimu, mimi naona," akasema. "Faili halioni."

Nikaandika masahihisho, marefu na ya toba. Mhariri alijibu kwamba gazeti halina nafasi ya kueleza mambo ambayo hayakutokea.

Jumapili moja nililivuka lile gogo kwa kutambaa, gazeti limo ndani ya shati, nikimlaani Bwana DC, mhariri na lori la Mbeya, kila mtu isipokuwa mhusika. Mama alikuwa amekaa karibu na moto. Majirani walikuwa wameshamwambia kwamba habari ya mwanawe imetoka, akataka nimsomee yote. Sikuwa na ujasiri wa kukataa. Nikamsomea, nikigeuza kwa Kifipa, mpaka mahali nilipoandika kwamba mtu wa kwanza kuvuka alikuwa mama mzee mgonjwa wa kifua, aliyekuwa akienda zahanati.

"Huyo ni mimi," akasema.

"Ni wewe, mama."

Akakohoa kwa muda mrefu, akafuta mdomo kwa pindo la kanga.

"Na dawa, walimpa?"