Mama Picha Aitafutia Lenzi Yake Kamera

Mtaani kwao hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Ni Mama Picha, basi. Studio yake ni chumba kimoja chembamba, ukiingia tumbo mbele lazima utoke mgongo mbele, kama anavyopenda kusema mume wake. Mwisho mmoja kuna pazia la kijivu na kigoda. Mwisho mwingine kuna mlango wa zamani uliopigwa misumari, na nyuma yake yuko kinyozi na mashine yake inayolia kutwa nzima. Mama Picha huuegemea mlango huo akipiga picha, na ameuegemea miaka mingi mpaka rangi imelika mahali pa mabega yake.

Ukutani zimetundikwa picha za harusi za binti zake watatu wakubwa. Maharusi wamekaa katikati, baba wa binti na wazazi wa bwana wamesimama nyuma. Mama Picha hayumo hata katika moja. Lakini ukizitazama kwa utulivu utaona wote wanamtazama yeye. Zote zimepigwa kwa lenzi moja, nzito, ya chuma, aliyoinunua akiwa bado msichana. Majirani wakimsifu kwa picha, huwajibu, “Msinisifu mimi, msifuni huyu,” huku akiipapasa lenzi kama mtu anayepapasa shavu la mtoto.

Sasa ilikuwa zamu ya kitindamimba kuolewa, na kamera ya filamu ilikuwa imekufa. Siyo kuumwa, kufa. Tena hata ingepona, filamu zenyewe zilishaadimika, na aliyekuwa akizisafisha amegeuza chumba chake duka la viatu.

“Mama, chukua hizi za kisasa,” kitindamimba alimwambia. “Zinakuja na lenzi zake ndani ya boksi. Hiyo yako iweke kabatini ipumzike.”

“Imekwambia imechoka?”

“Haijaniambia, lakini wewe utahangaika.”

“Wewe unataka kukaa pale ukutani na dada zako au hutaki?”

Kitindamimba akatazama zile picha, akatazama chini. “Nataka, mama. Tena sana.”

“Basi niache nihangaike.”

Baba mtu, fundi wa kuchomea vyuma aliyestaafu mwili ila mdomo bado uko kazini, alicheka palepale kitini. “Binti yangu, mama yako akishasema hivyo, hata ukimfunga kamba atakwenda na kamba yake.”

Akaenda. Duka la kamera lilikuwa na vioo kila upande, na nyuma ya kaunta alisimama dada mrefu mwenye miwani.

“Karibu mama. Unatafuta kamera ya namna gani?”

Mama Picha akafungua kitambaa, akaiweka lenzi juu ya kioo taratibu. “Ya huyu.”

“Huyu nani?”

“Huyu unayemwona. Wenzangu huitafutia kamera lenzi. Mimi nimekuja kuitafutia lenzi kamera.”

Muuza kamera akatabasamu, akashusha bodi ya kwanza, yaani kamera tupu bila lenzi, ndogo, nyepesi, inang'aa. Mama Picha akaisogeza lenzi kwenye mdomo wa bodi ile. Ikakataa. Akajaribu kuizungusha.

“Hapana mama, usilazimishe, utavunja. Angalia meno ya pete ya lenzi yako, halafu angalia ya huku. Kila mtengenezaji ana mdomo wake. Lenzi ya huyu haiingii kwa yule.”

“Basi mweke pembeni. Mzuri, lakini hatuelewani.”

Ipo pete ya kuunganishia, akaelezwa, inayokaa katikati ya bodi na lenzi zisizopatana. Wakaifunga. Mama Picha akasogea mlangoni, akamtazama muuza kamera kupitia kidirisha cha kamera, akamwona mpaka kope. Akaelekeza ng'ambo ya barabara kwenye kibao cha duka la dawa, akazungusha lenzi mpaka ikafika mwisho. Kibao kikabaki ukungu mtupu.

“Pete inaisogeza lenzi mbali kidogo na pale ilipozoea kukaa,” alisema yule dada. “Wa karibu utampata. Wa mbali ndiyo hivyo.”

“Kwa hiyo nitapiga harusi nzima nikiwa nimekaa mapajani kwa watu? Toa hiyo.”

Bodi iliyofuata ilitoka kwa mtengenezaji yuleyule wa lenzi. Haikuwa na madaha, nyeusi tu kama sufuria. Lenzi ikaingia, ikazunguka, ikalia kla! Mama Picha alifumba macho. Sauti ile alikuwa hajaisikia tangu kamera yake ife.

“Imekubali,” akasema muuza kamera. “Lakini nikwambie ukweli mapema, usije ukarudi na maneno. Lenzi hii ni ya zamani. Haitafokasi yenyewe, haitajizungusha mpaka picha iwe wazi.”

“Lini iliwahi?”

“Na kamera haitakupimia mwanga. Kila kitu utapanga kwa mkono.”

“Dada, mimi napanga mwanga tangu wewe hujaota meno.”

“Haya mama. Kuna na la tatu. Kile kipande cha ndani kinachopokea picha, pale ilipokuwa ikikaa filamu, kwenye bodi hii ni kidogo kuliko…”

Lakini Mama Picha alishatoka nje. Alikipata kibao cha duka la dawa, herufi kwa herufi. Akampata fundi baiskeli aliyekuwa anapuliza mnyororo, akampata paka juu ya paa. Barabara ilikuwa pana, nafasi tele, na moyo wake umejaa mpaka pomoni. Maneno mengine yakabaki kaunta.

Aliporudi studio na kamera yake mpya akamkalisha kitindamimba kigodani peke yake, akampiga. Uso ukatoka laini, macho yanang'aa. Siku zote zilizofuata hakuna aliyepita mbele ya studio bila kuonyeshwa picha ile. Aliyepita mara mbili alionyeshwa mara mbili.

Asubuhi ya harusi wakajipanga mbele ya pazia la kijivu: bibi harusi na bwana harusi wamekaa, nyuma yao baba mtu ndani ya koti linalombana, na wazazi wa bwana. Mama Picha akauegemea mlango wake, akatazama.

Mume wake alikuwa nusu. Upande wa pili, mama wa bwana harusi amebaki sikio moja na hereni.

“Sogeeni kidogo katikati.”

Wakasogea.

“Tena.”

“Mkwe wangu,” akasema mama wa bwana harusi, “tukisogea zaidi tutaanza kubebana.”

Watu wakacheka. Mama Picha hakucheka. Lenzi ni ileile, chumba ni kilekile, mgongo wake uko palepale. Hapo ndipo maneno ya muuza kamera yalipomrudia, na akayaelewa yote kwa mara moja. Lenzi bado iliwaleta watu wote watano, ila kile kipande kidogo cha ndani kiliokota wa katikati tu na kuwaacha wa pembeni waanguke. Ni kama dirisha ambalo mtu amelivutia pazia kidogo kila upande. Dirisha halijapungua. Anayetazama ndiye anayeona kidogo.

Ndani ya kabati ilikuwepo lenzi nyingine, pana. Ingewaingiza wote, lakini ingewavuta wa pembeni mashavu, mume wake aonekane kama mtu aliyevimba jino, mbele ya wajukuu mpaka kiama. Hiyo hapana. Dawa ilikuwa kurudi nyuma, na nyuma kuna mlango wa misumari.

“Mkwe wangu, muda,” akasema mama wa bwana harusi kwa upole. “Tumekuja na mpiga picha wetu, yuko hapo nje. Apige hii, tuwahi.”

Mama Picha akaishusha kamera. Kisha sauti ikatoka kigodani.

“Hatuondoki,” kitindamimba alisema. Hakupaza sauti. “Nisameheni mama, lakini mimi napigwa na mama yangu. Nikitoka humu bila hiyo picha, sijaolewa.”

Mama Picha akajikaza. “Baba watoto, nyundo yako iko wapi?”

“Siku ya harusi unataka nyundo?”

“Ng'oa misumari ya huu mlango.”

Mzee akavua koti kwa furaha, maana lilikuwa linamnyonga. Misumari ikatoka ikilia mmoja baada ya mwingine, mlango ukasukumwa, na Mama Picha akaingia kinyumenyume kwa kinyozi, kamera mkononi.

“Hodi jamani.”

“Hodi kupitia ukutani?” kinyozi akaruka. Kitini alikaa mteja aliyenyolewa upande mmoja tu.

“Endelea na kazi yako, mimi napita.”

“Unapita wapi, Mama Picha? Umesimama juu ya nywele za mtu!”

“Ni zangu,” akasema mteja. “Simama tu, mama, mimi nimeshaziacha.”

“Basi zima taa yako kidogo, inanichafulia mwanga.”

“Nizime nimkate sikio?”

Mteja akashika masikio yote mawili. Kicheko kikapita mlangoni, kikawakumba maharusi na wazazi wao, hata bwana harusi aliyekuwa amekakamaa kama nguzo akalegea. Kinyozi akazima taa. Mama Picha akafungua tundu la lenzi kwa vidole, akazungusha pete mpaka kope za binti yake zikakaa sawa. Akaacha kicheko kiwaishe midomoni na kubaki machoni. Ndipo akabonyeza.

Akatazama nyuma ya kamera. Watano wote walikuwemo, na nafasi ya kupumua juu. Kwa kuwa alisimama mbali zaidi, sura zilitulia kuliko hata za picha za ukutani. Alinyoosha mgongo tu, akasimama pale katikati ya nywele kama mwenye nyumba.

Kitindamimba alikuja mbio ameshika gauni lisiguse chini. Akatazama muda mrefu. “Ni lenzi ileile kabisa,” akasema. Kisha akamgeukia yule mteja asiyemjua hata kidogo. “Huyu ni mama yangu, umesikia?”

“Nimesikia, bibi harusi. Masikio yapo yote.”

Mama wa bwana harusi akavaa miwani, akainama. “Alaa! Kumbe nina shingo.” Akamshika Mama Picha mkono. “Yule wetu akapige huko barabarani. Ya ukutani kwangu ni hii.”

Nje magari yakaanza kupiga honi. Mzee alikuwa ameshavaa koti lake, nyundo bado mkononi, misumari mdomoni. “Niurudishe mlango?” akauliza.

“Thubutu!” Mama Picha akamjibu, akiifuta lenzi kwa ncha ya kitenge chake. “Hapa ndipo ninaposimama sasa. Kinyozi, kiti chako kesho kisogeze kule dirishani.”