Magauni Kumi na Moja Niliyoyatanua kwa Siri

Mke wangu aliongezeka inchi tano kiunoni, na kwa miezi kumi na minne mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Yeye mwenyewe hakujua.

Najua unasema huyu kalewa. Mtu anaongezekaje inchi tano bila kujua? Tulia. Mimi ni fundi cherehani. Nikiamua usijue, hujui.

Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwa hiyo sitapamba maneno. Nimekaa nyuma ya cherehani miaka thelathini na moja. Nashonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, kinachotazama barabara. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na pazia la kubadilishia nguo. Kwenye droo kuna daftari la vipimo, kila mteja na ukurasa wake. Mimi napima na kusoma namba kwa sauti, mke wangu anaandika.

Hiyo ni Jumamosi tu, anapokuja kunisaidia vifungo, kupinda na kupiga pasi. Siku nyingine yuko mapokezi ya hoteli, mwaka wa kumi na tisa huu. Kule wanamwita Mama Funguo, maana anajua kila mgeni na chumba chake bila kufungua kitabu.

Yeye naye ana ukurasa. Kifua thelathini na saba, kiuno thelathini na moja, nyonga arobaini na moja. Tuliuandika zamani, hatukuugusa tena.

Alipofika miaka arobaini na sita, mwili ukaanza vituko. Joto linampanda ghafla, utadhani kafunuliwa sufuria usoni. Siku zake zinakuja zinapotaka, mwezi huu mara mbili, kisha miezi miwili kimya. Usingizi ukamkimbia. Siku moja tulitafuta ufunguo wa nyumba asubuhi nzima, tukaukuta kwenye friji. Mama Funguo huyo huyo!

Na tumbo. Anakula kile kile, anatembea kule kule, tumbo linakuja tu.

Siku zipu ya gauni la bluu ilipogoma, alikaa kitandani akalia. Mwanamke huyu nilimwona akimzika baba yake bila kudondosha chozi mbele za watu. Leo analilia zipu.

"Baba," akaniambia, "nikifika kiuno thelathini na tano, usinitazame tena."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wiki hiyo hiyo dada yake akaleta chai ya kupunguza mwili. Shemeji yangu huyo anauza kila kitu, hata wewe ukikaa vibaya anakuuza.

"Dada, kunywa hii. Wiki tatu tu, unarudi msichana."

Alikunywa siku tatu. Siku ya nne nilimkuta ameanguka mlangoni mwa choo, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Tulimkimbiza hospitali. Dripu mbili.

Nikaapa kwamba ile chai haitaingia tena nyumbani kwangu. Hapo nilikuwa sahihi. Lakini badala ya kukaa naye tuongee, nikafanya uoga. Mimi nikishindwa kusema, mikono inatafuta kazi.

Akienda kazini, nachukua gauni moja kabatini. Nafumua mishono ya ubavuni kwa wembe. Aliyenifundisha kazi alinizoesha kuacha akiba ya kitambaa, inchi nzima kila upande, kwa hiyo natanua, nashona upya, napiga pasi hadi mstari wa zamani unalala. Akiba ikiisha, naingiza kipande ubavuni, kuanzia kwapani hadi kiunoni. Vipande vya nguo zake zote ninavyo kwenye gunia. Akirudi jioni, gauni liko mahali pake, mimi nakunywa chai kama sijui kitu.

Magauni kumi na moja. Mengine niliyarudia mara mbili.

Anasimama mbele ya kioo, anajigeuza.

"Baba, mbona nahisi nimenenepa?"

"Wewe? Gauni si hilo linakukaa?"

"Mapaja yanasuguana."

"Joto hilo."

"Na sidiria zinabana."

"Sidiria za siku hizi wanashona za wanasesere. Wezi wale."

Anatazama gauni. Ananitazama mimi. "Haya. Wewe ndiye fundi."

Nami nikajiona mume bora mtaa mzima.

Sasa, hotelini akaja meneja mpya, mtu wa tai nyembamba na kitambi kipana. Akataka sare mpya kutoka kiwandani. Kila mfanyakazi alete vipimo vyake.

"Niandikie," mke wangu akasema. "Wewe una daftari."

Alisimama pale pale mezani, akifuta mikono. Kalamu ikawa nzito. Nikiandika thelathini na sita, ataisoma. Nikaandika thelathini na moja. Nikajiambia sare zikija ataleta yake nyumbani kwanza, nitaitanua kabla hajaijaribu.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na kona mbaya.

Sare hazikuja nyumbani. Ziligawiwa kazini asubuhi, zikavaliwa pale pale, mpiga picha akingoja ukumbini na kamera yake. Wenzake wawili walikuwa naye chooni wakivuta zipu ya sketi.

"Vuta pumzi, Mama Funguo! Vuta!"

Alivuta pumzi. Zipu ikapasuka.

Meneja alimsemesha mbele ya watu wote. "Mama, vipimo si ulileta mwenyewe? Basi sare haijakosea, mwili ndio umekosea. Nenda stoo ya mashuka mpaka upungue. Mapokezi ni sura ya hoteli."

Picha ikapigwa bila yeye.

Saa saba mchana nikamwona mlangoni, kavaa gauni lake la kahawia.

"Fundi," akasema.

Akiniita Baba, nyumba iko salama. Akiniita Fundi, kaa karibu na mlango.

Akaingia nyuma ya pazia, akatoka kajifunga khanga, gauni mkononi kaligeuza ndani nje. Akalipeleka dirishani. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono, mara moja tu.

"Uzi huu si wa kwanza. Na matundu ya sindano ya zamani haya hapa."

Macho yakanitoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Mtu wa vifungo na pasi, kajulia wapi haya?

"Mangapi?"

"Kumi na moja."

"Tangu lini?"

"Tangu ile chai."

Nilingoja anirushie mkasi. Angenirushia ningeshukuru. Badala yake alikaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani.

"Unajua mimi nilifikiri nini miezi yote hii? Nilifikiri akili inaniacha. Ufunguo nauweka kwenye friji. Silali. Mwili unasema nimekua, gauni linasema hapana. Namuuliza mume wangu, anasema hapana. Nimesimama bafuni nikilishika hili tumbo kwa mikono miwili, nikijiapia kwamba lipo."

"Nilitaka kukulinda."

"Ulijilinda wewe, usione machozi yangu."

 

Siku nne hakunisemesha. Asubuhi anakwenda stoo kuhesabu mashuka, jioni anarudi, anakula, anageukia ukuta.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na mteja, nesi mmoja wa miaka hamsini na kitu, kaja kupindiwa gauni la kazi. Mke wangu akaingia, akafungua mlango wa barabarani wote, akasukuma pazia kando. Akanipa futi.

"Nipime."

"Hapa?"

"Hapa. Na usome kwa sauti kama unavyowasomea wenzangu. Naandika mwenyewe."

Nikampima kifua. "Arobaini."

Akaandika.

Nikazungusha futi kiunoni. Nikaisogeza, nikaisogeza tena.

"Soma. Futi haina aibu, wewe ndiye unayo."

"Thelathini na sita."

"Sijasikia."

"Thelathini na sita!"

Muuza viatu wa ng'ambo ya barabara akageuza shingo. Mke wangu akampungia mkono. "Umesikia, jirani? Thelathini na sita! Na nyonga inakuja, subiri!"

"Nyonga arobaini na nne," nikasema, jasho likinitoka mimi na si yeye.

Nesi akacheka mpaka akakaa. "Karibu kwenye chama, mdogo wangu. Una miaka mingapi?"

"Arobaini na saba."

"Joto? Usingizi? Kusahau?"

"Vyote."

"Mwili unajiandaa kuaga hedhi. Homoni zikiyumba, usingizi unavurugika. Na umri ukienda, misuli inapungua, mafuta yanahamia tumboni. Si uvivu huo, wala si ulafi."

"Dawa yake nini?" nikaingilia.

"Si ugonjwa, fundi. Mwili unatunzwa. Atembee kila siku, anyanyue vitu vizito kidogo ili misuli isinyauke. Maharage, mayai na mboga viongezeke, sukari ipungue. Joto na usingizi vikimshinda, aje kliniki tuzungumze, dawa zipo. Na zile chai za kuharisha msimwagie hata ua. Litakufa."

Mke wangu akauliza polepole, "Na thelathini na moja itarudi?"

"Labda kidogo. Labda isirudi. Unaitakia nini?"

Akapiga mstari mmoja juu ya namba za zamani, akafunga daftari.

"Fundi. Nishonee sare. Kwa namba hizi. Jumatatu naivaa."

Niliishona bila kuinua kichwa. Kitambaa kile kile, rangi ile ile. Jumatatu nikamsindikiza bila kualikwa. Aliingia hotelini akapita mlango wa stoo kama hajauona, akasimama mapokezi. Sare ilimkaa kama imemwagwa juu yake.

Meneja akatoka ofisini mbio. "Mama, nilisema stoo."

"Nilikusikia."

"Sasa?"

"Miaka kumi na tisa wageni wanakuja hapa kuchukua funguo. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuchukua kiuno. Kama yupo aliyelalamika, nionyeshe jina lake kitabuni, nami natoka."

"Nidhamu ya kazi..."

"Sare si hii? Rangi si hii? Ulisema mwili umekosea. Mwili haujakosea. Namba ndiyo ilikosea, na aliyeiandika yule pale anatetemeka karibu na mlango."

Watu wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo nimwambie meneja kitambi chake kiende stoo kwanza.

"Nyamaza, Fundi. Hapa si kwako."



Mgeni mmoja akafika na begi. Mke wangu akamsalimu kwa jina, akamuulizia mguu wake uliokuwa unamsumbua, akampa ufunguo bila kutazama popote. Meneja akasimama na tai yake. Mpaka mchana alikuwa amempa barua ya onyo kwa kukaidi amri. Mke wangu akaisaini akiwa mapokezi, hakutoka. Kesho yake alikuwa pale. Mpaka leo yuko pale.

Jioni ile akaniita Baba. Nikapumua. Nikaanza kujisifu.

"Umemwona meneja alivyo na tumbo? Ana mdomo wa kusema watu! Mimi tangu nikuoe kiuno changu thelathini na nne. Suruali zangu nashona mwenyewe, kipimo hakijabadilika."

Akaniangalia. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaleta futi.

"Inua mikono."

"Ya nini?"

"Inua."

Akazungusha. Akasoma kwa sauti, mlango ukiwa wazi. "Arobaini!"

"Futi imevutika hiyo."

"Vua suruali uigeuze."

Nikaigeuza. Mshono wa nyuma kiunoni. Uzi si wangu. Matundu yangu ya zamani yamelala pembeni, yamepigwa pasi vizuri kabisa. Na pale akiba ilipoisha, kipande. Kipande kimeingizwa kwa ustadi kuliko changu.

"Miaka sita," akasema. "Kila Jumamosi ukienda kula, mimi na pasi. Ulikuwa unajisifu mbele ya wateja, nikakuonea huruma."

Basi ndivyo alivyonijua kwa kidole gumba kimoja. Mwizi anajua nyayo za mwizi.

"Kwa hiyo tumetoka sare," nikasema.

Kicheko kikakatika. "Hatujatoka sare. Wewe uongo wangu ulikupa majivuno. Wako ulinipa wazimu. Na hakuna aliyekuambia uende stoo."

Siku hizi tunatembea pamoja asubuhi, yeye mbele, mimi nyuma nahema. Majora ya vitambaa anayanyanyua yeye. Kiuno kimeshuka inchi moja, kikasimama. Ameridhika nacho, na asiyeridhika anajua mlango ulipo.

Nawaambia wanaume wenzangu. Nguo inafumuliwa ifuate mwili, hiyo ndiyo kazi ya nguo. Lakini fumua mbele ya mwenyewe. Mkeo akikuuliza kama amebadilika, sema ndiyo, kisha ubaki pale pale.

Gharama ya uongo wangu ni hii. Suruali zangu siziweki kwenye hesabu, hizo nilistahili.

Magauni kumi na moja. Sketi moja iliyopasuka. Barua moja ya onyo kwenye faili lililokuwa safi miaka kumi na tisa. Picha moja ya wafanyakazi, imetundikwa ukumbini, yeye hayumo. Siku nne za kugeukia ukuta.

Na miezi kumi na minne ambayo mwanamke mwenye akili timamu alisimama bafuni, kajishika tumbo, akidhani amepata wazimu.