Chupa Chini ya Kitanda

Tangu Placidia atolewe mfuko wa nyongo, nyongo ilivuja kupitia mpira wa ubavuni hadi kwenye chupa chini ya kitanda. Muuguzi wa asubuhi hakumgusa tumbo kabla ya kupasha viganja vyake joto kwapani. Kisha aliinua chupa dirishani, akabandika kipande cha plasta nyongo ilipofikia. "Iliyotoka haina neno, mama. Ya kuogopa ni inayobaki ndani." Kila Placidia alipomkaribisha ndizi na maharage, muuguzi alijibu, "Nitakula chupa ikikauka." Siku ya kumi na mbili chupa ilikuwa kavu. Muuguzi aliukamua mpira, haukuwa umeziba. Akabonyeza tumbo, lilikuwa laini. Akanawa, akaketi kitandani, akavuta sahani ya Placidia. "Chumvi iko wapi?"